Wazazi wanasema watoto wanachezea mchanga tu

SWALI: Dada habari za kazi, mi ni mwalimu wa chekechea huku Ujiji, Kigoma, wazazi wananisema eti watoto wao wanachezea mchanga tu madaftari matupu, na vifaa vya dukani sina hela. Nifanyeje?

JIBU: Pole mwalimu wangu, ila huo mchanga usiuache! Mtoto wa miaka 5 vidole bado laini, ukimkazania penseli asubuhi nzima anachoka anaichukia shule, lakini akichora herufi a kwenye mchanga, akafinyanga udongo, mkono unapata nguvu. Hata darasani kwa Maria Montessori, yule daktari Mwitaliano aliyekuwa anafundisha watoto wadogo kwa kugusa vitu, kule Roma, lililofunguliwa 1907, watoto walikuwa wanapapasa herufi za msasa kwa vidole.

Vifaa mbona unavyo hapo hapo, vifuniko vya soda, kokoto za ziwani, kokwa za chikichi. Mpangie mtoto kokwa 7 azihesabu kwa kugusa mojamoja, halafu zitawanye umuulize ziko ngapi, akianza kuhesabu upya ujue bado, akisema saba bila kugusa, huyo kaelewa. Ila kuwa macho, vinaingiaga puani vile, vihesabu kabla na baada.

Na hao wazazi waite siku moja wakae mkekani wahesabu na watoto wao.