Vyeti vitano ukutani, watoto bado wanaitikia "ndiyooo"

Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Mimi nasomesha kituo cha Tutu, kile cha watoto wadogo wanaosomeshwa kwa vipindi vya redio, huku Micheweni, Pemba, mwaka wa sita huu. Nilimaliza kidato cha nne, chuo cha ualimu sikwenda. Kila wakiita semina naenda: Wete, Chake, mara moja nilivuka hadi Unguja. Nina vyeti vitano, nimevitia fremu. Lakini nikirudi darasani nafanya walivyotufundisha siku tatu, ya nne nimesharudi kwenye ba-be-bi-bo-bu, na kiboko cha mpera kimelala juu ya meza. Mume wangu ananiambia niache kupoteza nauli. Jirani ananiambia nikachukue diploma. Nishike lipi?
Mwalimu wa Tutu, Micheweni

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu barazani, maana huyo mwalimu wa siku ya nne ndiye mimi.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipelekwa mafunzo ya siku kumi. Tukafundishwa kupanga kona: ya nyumbani, ya duka, ya vitabu, ya kujenga. Nikarudi na gunia la vifuu juu ya gari ya shamba, na makombe ya pwani, vipande vya ukili, vizibo vya soda. Darasa nikalipanga likapendeza kama chumba cha bi harusi. Jumatatu watoto 42 wakazivamia kona zote kwa pamoja. Vifuu vikageuka kofia, kombe moja likampata mtoto kwenye paji la uso. Jumatano kila kitu kimerudi guniani na gunia liko kabatini, na tangu hapo nikawa nalitoa siku nikisikia mkaguzi anakuja. Watoto wenyewe walijua: vifuu vikitoka, leo kuna mgeni.

Kosa halikuwa la vifuu. Kule mafunzoni tulikuwa watu wazima tunajifanya watoto, tunauziana ndimu za kuchora, mkufunzi anapiga makofi, mchana biriani, jioni tunasaini posho. Darasa lilivyopangwa tulioneshwa. Ile dakika wanayoingia watoto 42 hakuna aliyetuonesha, na sijui ukumbi gani ungeweza.

Kilichonigeuza ni daftari. Siku moja alikuja mkufunzi, mama mtu mzima, akakaa nyuma kwenye mkeka, miguu kaikunja, neno hasemi. Nikamuona anachora vistari tu. Watoto walipotoka kwenda kunywa uji akaniita. Kwa dakika 20 nilikuwa nimeuliza maswali 31. "Mnaona?" "Sivyo?" "Tumefahamu?" Maswali 28 yamejibiwa kwa pamoja, "ndiyooo mwalimu". Matatu yaliyobaki nimeyajibu mimi kabla mtoto hajafungua mdomo. Akaniambia, chagua swali moja tu kwa siku, uliza, kisha hesabu moyoni hadi tano. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Kesho yake nikampangia mtoto mmoja vifuu 6, nikavifunika viwili kwa kanga, nikamuuliza vingapi vimejificha. Moja, mbili, tatu. Kimya kile kinawasha mwanangu, ulimi unataka kuruka wenyewe. Kwenye nne akasema, "Viwili, na kimoja kile kikubwa." Ukubwa sikumuuliza. Kumbe muda wote alikuwa akiviangalia.

Usidhani hii ni busara yangu. Mpango wa Madrasa, ule wa skuli za watoto wadogo, ulioanza Mombasa mwaka 1986 ukafika kwetu Zanzibar mwaka 1990, umesimama juu ya jambo hilohilo: mwalimu anatoka palepale mtaani, anafundishwa, halafu mkufunzi anamfuata darasani, tena na tena. Na hiyo Tutu yako, Tucheze Tujifunze, wengi wanadhani redio yake ni ya watoto. Sikiliza vizuri, inasema na wewe: sasa waambie wasimame, sasa ngojea wajibu. Ni mkufunzi asiyedai nauli. Kama umezoea kumuachia redio watoto ukaenda kutazama maji ya uji, acha.

Kwa hiyo mumeo ana nusu ya haki. Nauli ya semina isiyo na mtu wa kukufuata nyuma inapotea kweli. Lakini usiache kwenda. Ukiitwa tena, iwe Wete au Michakaini, siku ya mwisho simama umuulize mkufunzi mbele ya watu: nani atakuja kuniangalia nikisomesha, na lini? Akibabaika, tafuta mwalimu mwenzako wa kituo cha jirani. Jumanne wewe uende kwake, Alhamisi yeye aje kwako, nusu saa na daftari la vistari. Msisifiane wala msikosoane, hesabuni tu. Watoto wangapi leo wamesema sentensi nzima? Wangapi hawajaitwa kwa jina lao tangu asubuhi? Hili la pili litakuuma. Mimi siku ya kwanza walikuwa 17, na mmoja wao mtoto wa dada yangu.

Hicho kiboko kitie jikoni, kuni ni kuni.

Diploma ni habari nyengine. Kachukue, ikiwa unataka ajira. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2006, miaka miwili ya maandalizi, kabla ya darasa la kwanza, imo ndani ya elimu ya lazima hapa Zanzibar, na anayetafuta mwalimu wa kumuajiri hatazami fremu za semina. Ila kabla hujatoa shilingi uliza chuo kimesajiliwa au la, matokeo yako ya kidato cha nne yanatosha au urudie masomo mawili matatu, na mazoezi ya kusomesha ni wiki ngapi. Uliza pia yanafanyika darasa gani. Namjua mmoja alisomea maandalizi, mazoezi wakampeleka darasa la tano akasomeshe hesabu. Na usikope kwa kutegemea karafuu ambazo bado ziko mtini. Wewe Mpemba, hilo hufundishwi na mimi.

Binti yangu kamaliza kidato cha nne, anataka kuwa mwalimu wa maandalizi. Mama yake anasema hiyo si kazi, ni kulea watoto wa watu. Nimruhusu?
Baba wa Jang'ombe, Unguja

Kwanza aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu wa skuli iliyo karibu, akakae darasa la maandalizi wiki nzima, asaidie kufunga viatu na kugawa uji. Ijumaa akirudi sauti imemkauka na bado anakusimulia mtoto fulani kasema nini, mtafutie ada. Akirudi anasimulia kelele na mafua, mtafutie kazi nyengine. Na mama yake naye mwambie aende, siku moja tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano.