Maswali yenu: mbegu chotara za mazao ya mafuta

Alizeti chotara ilinizalia vizuri, nikaweka mbegu. Nikizipanda zitazaa vilevile?

Hapana. Nguvu ya chotara ni ya kizazi cha kwanza. Ukirudia mbegu zake utaona mmea mmoja mrefu, jirani yake mfupi, vichwa vinakomaa kwa zamu na mavuno yanashuka. Aliyekuuzia hakukudanganya. Anayetaka kujiwekea mbegu apande aina isiyo chotara.

Ua la alizeti lina kike na kiume pamoja. Wazalishaji wanalizuiaje lisijichavushe?

Swali hili nimelingoja muda mrefu. Kichwa kimoja kina mamia ya maua madogo, na kila ua lina chavua yake. Kuyahasi kwa kibano alfajiri, moja baada ya jingine, kunawezekana kwenye vichwa vichache vya majaribio. Kwa shamba zima, sahau.

Mkombozi alitoka porini. Mwaka 1969 Mfaransa Patrice Leclercq alieleza alizeti isiyotoa chavua, aliyoipata kwa kuizalisha alizeti ya shambani na ndugu yake wa mwituni, Helianthus petiolaris. Utasa huo wa kiume hurithiwa kwa mama tu. Basi mistari ya mama hupandwa kando ya mistari ya baba, na nyuki humaliza kazi. Lakini baba naye lazima awe na jeni ya kurudisha chavua, la sivyo shamba la mkulima litachanua bila chavua na vichwa vitabaki na mapepe.

Ubora wa mafuta unapimwaje bila kuiua mbegu?

Kwa kuikata! Mbegu ya rapa, ndogo kama kichwa cha pini, hulowekwa, ikatolewa kotiledoni moja (jani la akiba lililomo ndani ya mbegu) ipelekwe maabara. Nusu iliyobaki na mche wake hupandwa. Mbinu hiyo iliwasaidia Wakanada kuondoa asidi ya eruki, asidi ya mafuta isiyotakiwa kwenye chakula, na mwaka 1974 wakatoa aina iitwayo Tower, kanola ya kwanza, yaani rapa iliyoboreshwa kwa chakula.

Na michikichi?

Huko jeni moja, ya ganda la kokwa, ndiyo yenye neno. Kuna aina tatu: dura, pisifera na tenera. Dura ina kokwa lenye ganda nene, pisifera haina ganda, ila mara nyingi mashada yake huoza kabla ya kukomaa. Ukizizalisha pamoja, watoto wote ni tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Ukipanda mbegu za tenera kwa tenera, robo ya miche itakuwa dura na robo nyingine pisifera, na kwa macho hutazijua mpaka zizae.