Kisigino kinauma, na mabibo yameanza kuiva

SWALI

Shikamoo kaka. Niliacha pombe Januari mwaka huu baada ya kunywa miaka 9, gongo zaidi. Kilichoniokoa ni kukimbia. Nilianza na safari ya Magomeni hadi ufukweni Shangani, nikihema njia nzima. Kufikia Juni nilikuwa nakwenda Mikindani na kurudi, kilomita 20, kila siku hata Jumapili. Walioniita Mlevi wakaanza kuniita Mwanariadha. Mwanangu wa darasa la pili anawaringishia wenzake. Sasa ni wiki ya tatu kisigino cha kulia kinauma; nikikanyaga chini asubuhi ni kama msumari. Daktari kasema nisikimbie wiki 6. Mama naye ananingoja Tandahimba tuokote korosho, na kule kila kivuli cha mkorosho kina ndoo ya uraka, ile pombe ya mabibo. Bila kukimbia najiona ni yule yule wa zamani. Nifanye nini?

Msomaji, Magomeni, Mtwara

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako niliisomea kibandani kwangu ninapotengenezea baiskeli, nikaiweka, nikaichukua tena.

Nianze na mguu. Maumivu ya hatua za kwanza asubuhi, yanayopungua ukishatembeatembea, mara nyingi ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo uliochoshwa. Mtii daktari. Usitembee pekupeku kwenye sakafu, nyoosha kigimbi kwa kusukuma ukuta, na jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Kitapona, ila taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wewe ulikuwa karibu kuzimaliza kwa siku moja, bila siku ya kupumzika. Sikulaumu. Nimeshtuka tu, kwa sababu maneno ya "bila hiki siwezi" nayafahamu. Niliyasema miaka 14 nikiwa nimeshika glasi.

Mimi niliacha 2013. Kabla ya hapo mikono ilikuwa inatetemeka asubuhi kiasi kwamba siwezi kupitisha spoki kwenye tundu lake. Mteja mmoja alinichukulia gurudumu lake mkononi akalipeleka kwa fundi mwingine, watu wanatazama. (Niseme hapa kwa ajili ya wengine wanaosoma: anayekunywa kila siku asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Siku 2 au 3 za mwanzo zinaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na watu hufa. Aende hospitali.) Nilipotoka wodini nilianza kutembea alfajiri kufuata pwani, kwa sababu usingizi ulikuwa hauji na nyumbani nilikuwa namkosesha raha mke wangu. Wiki ya saba au ya nane, nikiwa nimekaa chini ya mwembe, niliingiza spoki 40 za gurudumu la nyuma, moja moja, nikakaza nati zake, nikanyoosha rimu hadi ikazunguka bila kugusa breki. Hakuna aliyekuwepo. Nililia.

Siku hiyo ndiyo nilianza kujiamini. Mtaani bado walikuwa wananiita vilevile.

Huko Marekani kuna chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, kilichoanzia mji wa Akron mwaka 1935. Kwenye vikao vyao mtu husimama, akataja jina lake, kisha akasema "mimi ni mlevi", hata kama hajagusa pombe miaka 20. Wanasema inawakumbusha walikotoka, na njia yao imewafaa wengi, naiheshimu. Lakini wewe jina hilo umepigiwa kelele barabarani mbele ya mwanao. Sioni kwa nini uendelee kulibeba. Na hili la Mwanariadha usiliwekee uzito wote, maana linasimama juu ya kisigino.

Mtazame mtu mwenyewe. Yule wa zamani maumivu yakimpata alikuwa anakwenda kilabuni. Huyu wa sasa amekwenda kwa daktari, akapewa wiki 6, na badala ya kunywa ameketi akaandika barua ndefu yenye tarehe na kilomita. Hukukimbia hata hatua moja wiki hiyo, na bado uliyafanya hayo.

Kwa hiyo ishike ile saa. Kama ulikuwa unaamka saa 11, amka saa 11. Maji yakijaa pale Shangani, ogelea. Baiskeli nayo, daktari akikuruhusu, haikipigi kisigino kama lami. Inua kiti mpaka goti linakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Mpakie mwanao nyuma umpeleke shule. Kwake baba ni yule yule.

Sasa Tandahimba. Hapo ndipo ninapoogopa. Harufu ya mabibo yaliyopondwa inamfikia mtu kabla ya akili yake. Huu ni msimu wako wa kwanza, na unakwenda ukiwa huna kile ulichokuwa unakitegemea asubuhi. Kama unaweza kumlipia mama kibarua mwaka huu, mlipie, ubaki mjini. Mwaka wangu wa kwanza sikwenda shamba. Mjomba alininunia hadi Iddi, kisha yakaisha. Ikibidi uende, mwambie mama kwa simu kabla hujapanda gari, umwambie hivyo hivyo: mama, siwezi kukaa karibu na ndoo. Lala mbali na wanaokamua. Hata juisi ya asubuhi iliyo tamu usiionje, kwa joto letu hadi jioni imeshachacha. Kaa siku chache tu, na uwe na mtu mmoja utakayempigia usiku, akijua kabisa kwa nini unapiga.

Ukiteleza ukanywa, mpigie huyo huyo usiku uleule, usingoje kupambazuke.

Korosho zikishapelekwa ghalani, niandikie tena. Nataka kujua kisigino kinaendeleaje, na mama alijibu nini.