Bibi wa Vyungu Anajibu: Waridi la Jangwani Lililopendwa Kupita Kiasi

Mwezi huu barua nyingi zilikuwa za mti mmoja: waridi la jangwani, lile lenye tumbo nono na maua kama tarumbeta. Nimeweka pembeni maswali ya mengine ili tulimalize hili. Wa minanasi ya mapambo, mnivumilie.

Shikamoo Bibi. Waridi langu la jangwani nimelilea mwaka wa tatu sasa, nililipata likiwa kama kidole gumba. Wiki mbili zilizopita majani ya chini yaligeuka njano na kudondoka. Nikajua lina kiu, nikaongeza maji, asubuhi na jioni. Sasa shina limekuwa laini upande mmoja na linanuka. Bado lina uhai?
*Mwenye Shina Laini*

Marahaba, mjukuu wangu. Weka chini ndoo ya maji na utafute kisu. Uhai bado upo iwapo huo ulaini haujazunguka shina lote, lakini ni suala la leo, usingoje Jumamosi.

Kwanza nikuondolee lawama. Majani ya njano ndiyo yaliyokudanganya, na yamewadanganya wengi kabla yako. Mti huu ukiwa na kiu majani yake huwa ya njano, na ukizama majini majani yake huwa ya njano vilevile. Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukilowa siku nyingi hewa inakwisha, mizizi inakufa, na kuvu hupitia kwenye mizizi hiyo mifu mpaka shinani. Mizizi iliyokufa hainywi. Kwa hiyo juu majani yanalia kiu, na chini miguu imo majini. Wewe ukasikia kilio, ukaongeza maji.

Usiulize majani, uliza shina. Libonyeze kwa kidole gumba pande zote. Lenye kiu hunywea lote kwa pamoja, ngozi inakunjamana kidogo, lakini ukiliachia linarudi kama mpira. Linalooza huwa laini mahali pamoja, ngozi ya hapo inakuwa nyeusi au ya kahawia, kidole kinazama na alama inabaki. Harufu ikishafika puani, hakuna haja ya kubonyeza tena.

Haya, upasuaji. Ling'oe, osha udongo wote mizizini, ulilaze juu ya gazeti. Futa kisu kwa spiriti. Kata sehemu laini, futa kisu tena, kata tena, mpaka ufikie nyama ngumu, nyeupe ya maziwa, isiyo na hata doa la kahawia. Hata doa moja. Nasisitiza kwa sababu nina dhambi hapo: niliwahi kukata moja hadi nikaona nimebakiza nusu ya mwili wake, nikaingiwa na huruma, nikaacha doa dogo kama punje ya dengu nikijiambia litakauka. Siku ya kumi nilipolishika lilikuwa uji. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nililia kweli, mtu mzima nimekaa juu ya kigoda.

Kidonda kipake unga wa mkaa, au unga wa salfa ukiwa nao. Kisha lining'inize kivulini penye upepo, mizizi hewani, bila udongo na bila tone la maji. Kidonda kidogo kinataka wiki moja. Cha ukubwa wa kiganja, wiki mbili au tatu. Utahisi unalitesa. Hulitesi hata kidogo, limebeba maji yake tumboni. Kidonda kikishakuwa kikavu na kigumu kama kizibo cha chupa, lipande kwenye udongo mkavu, ulisubirishe wiki nyingine, ndipo ulipe maji ya kwanza, kidogo.

Ukikuta kuoza kumezunguka shina lote chini, basi shina ndilo hilo limekwenda, lakini matawi hayajaenda. Kata tawi zima lisilo na doa, liache likauke siku nne au tano, ulichomeke kwenye mchanga. Litashika na litatoa maua. Ila usitarajie tumbo lile la mama yake: linalotokana na tawi hunenepa mizizi polepole na mara nyingi halipati umbo la lile lililotokana na mbegu.

Hujaniambia umelipanda kwenye nini, nami nadhani najua: udongo mweusi mzuri wa bustani, ule unaoushika mkononi ukajisikia tajiri. Huo wape mchicha. Mimi huchanganya makopo mawili ya mchanga mnene uliooshwa, kopo moja la mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, na kopo moja la mboji iliyoiva. Mimina maji juu: yakizama na kutokea tunduni mwa chungu papo hapo, umepatia. Yakisimama juu na kukuangalia, ongeza mchanga. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa kuwa kinapumua, lakini cha plastiki chenye matundu ya kutosha hakina kosa. Kosa ni kile kisahani cha chini. Kiondoe.

Bibi, mwaka jana uliandika humu humu kwamba waridi la jangwani lisipewe maji mpaka udongo ukauke kabisa, "na ukikauka ngoja tena". Nimetii. Tumbo limenywea, majani yamepukutika, na sijaona ua mwezi wa saba sasa. Jirani yangu anamwagilia kila siku ya tatu na lake halina pa kuweka maua. Nani amekosea?
*Mtiifu Aliyechoka*

Mimi. Nimelitafuta jibu lile, nimelisoma, na ni nusu ya jibu. Niliandika nikiwa nimetoka kuzika mawaridi matatu ya watu waliomwagilia kama wewe unavyosali, nikapitiliza upande wa pili. Naomba radhi.

Nusu niliyoiacha ni hii: kustahimili ukame si kuupenda. Mti huu huota wenyewe kuanzia Senegal hadi Somalia, ukashuka mpaka Kenya na Tanzania, ukavuka bahari hadi Bara Arabu. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki Yemen mwaka 1763, ndiye aliyeupa sifa ya *obesum*, yaani mnene, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake. Unene wenyewe ni akiba. Kiangazi kirefu kikija, mti huangusha majani, hufunga duka, na kuishi kwa akiba hiyo. Haufi, lakini haukui wala hautoi maua mengi. Mvua ikinyesha hunywa bila aibu. Wewe umeuwekea kiangazi cha miezi saba, nao umefanya kile unachokijua.

Jirani yako hajakosea, ila nina hakika ukichimba chungu chake utakuta kokoto tupu. Kwenye kokoto, juani, wakati wa joto, kila siku ya tatu ni sawa kabisa. Ratiba hiyohiyo kwenye udongo mzito ingempa barua kama ya Mwenye Shina Laini.

Kwa hiyo nafuta sentensi yangu ya mwaka jana, naweka hii. Mti ukiwa na majani na joto lipo, chomeka kijiti kikavu mpaka chini ya chungu, kiache dakika chache, ukitoe. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatiririke chini, siyo kikombe kimoja cha kuonjesha. Kikitoka na udongo umegandia, rudi kesho. Ukiwa hauna majani, au usiku umekuwa wa baridi, punguza sana: chini ya nyuzi 15 za Selsiasi mti husinzia, na chini ya 10 uingize ndani, maana baridi na unyevu vikikutana havikawii kuozesha.

Lako kwa sasa lianze taratibu. Maji ya kutosha mara moja, kisha subiri tumbo lijae. Siku mbili tatu utaona mikunjo inanyooka. Majani yakichipua ndipo uingie kwenye utaratibu wa kijiti.

Na maua? Mambo mawili. La kwanza jua, lisilopungua saa sita kwa siku, jua la kweli na siyo mwanga wa dirishani. Ila likiwa limezoea kivuli usilitoe siku moja juani, ngozi yake huungua kama yetu; lisogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. La pili ni kupogoa, na hapa ndipo watu hunikimbia. Maua hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi moja refu lina ncha moja. Ukilikata, chini ya mkato hutoka machipukizi mawili, matatu, wakati mwingine manne. Hesabu mwenyewe. Kata wakati joto linaanza na mti una nguvu, usikate ukiwa umelala. Utakaa miezi miwili au mitatu ukitazama vijiti, kisha utanisamehe. Mbolea iwe kidogo, na isiwe ile ya kukuzia majani. Nitrojeni nyingi hukupa matawi marefu yaliyolegea, maua huyaoni.

Bibi, mjukuu wangu ameanza kutambaa na anatia kila kitu mdomoni. Nasikia mti huu una sumu. Ni kweli au ni maneno ya watu?
*Nyanya Mwenye Wasiwasi*

Ni kweli, dada yangu. Utomvu wake mweupe una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania huuchemsha kupata sumu ya kupaka mishale ya kuwindia, na hawapaki kwa mapambo. Chungu kipandishe juu mahali mtoto hafiki, majani na maua yaliyoanguka yaokote kila siku. Ukikata vaa glavu, usijifute macho, osha kisu. Mtoto akitafuna hata jani, usingojee dalili, mpeleke hospitali na kipande cha mti mkononi ili daktari ajue anashughulika na nini.

Ukiona huwezi kuulinda mti mbali naye, mpe mtu asiye na mtoto mdogo. Utaupanda mwingine mjukuu wako akishaanza shule.

Walioniuliza kuhusu vidukari wa njano kwenye machipukizi: wapige kwa maji ya bomba yenye nguvu, kisha maji ya sabuni laini jioni, rudia baada ya siku nne. Vidung'ata, vile vyeupe kama pamba vinavyojificha mapajani mwa matawi, vifute kimoja kimoja kwa pamba iliyochovya spiriti. Kazi ya kuchosha, najua.

Bibi, limetoa pembe! Mbili, zimeachana kama za mbuzi, kijani. Ni ugonjwa?
*Mgeni wa Bustani*

Hongera, umepata wajukuu kabla yangu mwaka huu. Hayo ni maganda ya mbegu, na hayaji kila siku, maana ua hili limeficha poleni yake ndani mno na wengi wetu hulazimika kulichavusha wenyewe kwa brashi nyembamba na miwani ya kusomea.

Sasa fanya haraka jambo moja: yafunge kwa uzi, mizunguko mitatu minne, bila kukaza sana. Yakikauka hupasuka ghafla, na kila mbegu ina kishungi cha nywele kila upande, kwa hiyo upepo mdogo tu unatosha kuzipeleka kwa majirani. Zikishaiva zipande upesi, kwa kuwa zikikaa miezi mingi zinachoka. Zilaze juu ya mchanga, zifunike kidogo tu, ziwe na joto. Ndani ya siku tatu hadi saba utaona zinasimama, na tumbo dogo unaliona tangu siku hiyo, kama mtoto aliyeshiba.

Rangi usiniulize. Mbegu za mama mwekundu zinaweza kukupa ua la rangi ya waridi, jeupe, au wekundu uliopauka kama nguo ya jana. Za kwangu za mwanzo nilizingoja karibu mwaka mzima, na ua la kwanza lilipofunguka lilikuwa na rangi niliyokuwa siipendi kabisa. Nililinunia wiki nzima. Bado ninalo, liko karibu na mlango.

Mwenye Shina Laini, ukishakata niandikie ulifika wapi kabla ya kuona nyeupe.