Kusoma saa kwa Kiingereza: acha kujumlisha sita

Vijana ninaowafundisha Kiingereza hapa Arusha, wengi wao wanaotafuta kazi za hoteli na za kuongoza watalii, hufika darasani wakiwa na kanuni moja kichwani: chukua saa ya Kiswahili, jumlisha sita. Kanuni ni sahihi. Lakini mgeni akiuliza gari linaondoka saa ngapi, kijana ananyamaza akipiga hesabu, na mgeni anaanza kudhani hajui ratiba.

Tazama simu yako. Imeandika 7:00, nawe moja kwa moja unasema saa moja. Tangu utotoni tumezoea kuona nambari moja na kutamka nyingine, ile iliyo mkabala nayo kwenye saa ya mshale. Halafu, tukitaka kusema kwa Kiingereza, tunaichukua ile saa moja tuliyoigeuza na kuigeuza tena. Safari ya pili haina haja. Kiingereza kinasoma kilichoandikwa: 7:00 ni "seven", basi. Kwa hiyo jizoeze kuitamka nambari kama ilivyo kabla Kiswahili hakijaingia, kila unapotazama simu, hata ukiwa peke yako kwenye daladala.

Kwa nyakati ambazo huna saa mbele yako, shika nguzo chache. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu huchomoza na kuzama karibu na "six" mwaka mzima. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni "eight". Mchana jua likiwa utosini ni "twelve". Ukiwa na hizo, saa za katikati utazifikia bila shida.

Dakika zisikutishe, maana hazibadiliki. Robo, nusu na kasorobo zote zipo, ila Kiingereza hutanguliza dakika: "quarter past seven", "half past seven", "quarter to eight". Ukisema tu "seven forty" utaeleweka popote. Kwenye kusikia ndiko kuna mtego. "Fifteen" na "fifty" hukaribiana sana masikioni, na mgeni anayetaka kuchukuliwa 4:15 si sawa na wa 4:50. Rudia ulichosikia, naye akuthibitishie. Mwingereza pia husema "half seven" akimaanisha saa moja na nusu, ilhali Mjerumani akitafsiri usemi wa kwao anaweza kusema hivyohivyo akimaanisha saa kumi na mbili na nusu. Hapo muulize bila aibu.

Usiku ndio unaoleta hasara ya kweli, nami huutengea kipindi kizima. Kwetu saa nane za usiku ni usiku, hakuna ubishi. Kwa Kiingereza ni "two in the morning", na mwanafunzi akisikia "morning" anafikiria chai na mandazi. Tena siku yao hubadilika usiku wa manane, saa sita kamili. Tiketi ya ndege ikisema Jumanne 01:30, hiyo ni saa saba na nusu, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Jumatatu jioni unatakiwa uwe unaelekea uwanjani. Ukingoja Jumanne usiku, ndege imeondoka siku nzima kabla yako. Na 12:30 p.m. ni mchana, 12:30 a.m. ni usiku, hii ikariri tu.

Wanaofanya usaili kwa intaneti wana kazi ya ziada. Mwajiri wa London akikuambia saa nne asubuhi kwa saa za kwao, yaani 10 a.m., mwezi wa Januari, kwanza ongeza saa tatu ukiwa bado kwenye hesabu ya Kiingereza: 1 p.m. Ndipo ugeuze: saa saba mchana. Ukichanganya hatua hizo mbili utapotea. Na kumbuka Waingereza husogeza saa zao mbele majira ya joto, tofauti inakuwa saa mbili, kwa hiyo Julai usaili huohuo ni saa sita mchana.

Kwa Watanzania wenzako wanaochanganya lugha, uliza wazi: za Kiswahili au za Kizungu? Na ukituma ujumbe wa miadi, andika 14:30 na jina la siku. Mtindo wa saa ishirini na nne hauhitaji kuongezewa asubuhi wala jioni.