Slapu ya besi huanzia kwenye dramu

Wewe unayeanza kujifunza slapu, yaani kugonga na kufyatua nyuzi za gitaa la besi, msikilize kwanza mpiga dramu. Mbinu hii ilizaliwa kwa kumkosa. Miaka ya 1960, huko California, Larry Graham alikuwa akipiga muziki na mama yake, mpiga piano, bila mtu wa dramu. Akaanza kuzigonga nyuzi nene kwa gumba ili zishike zamu ya dramu ya mguu, na kuzifyatua nyembamba kwa kidole badala ya sneya, ile dramu yenye mlio mkali. Baadaye akaingia nayo kwenye bendi ya Sly and the Family Stone, na wapiga besi wengi wakamfuata.

Kwa hiyo gumba lako ni dramu ya mguu, kidole cha shahada ni sneya. Gonga uzi wa E, ule mnene kuliko yote, kwa ubavu wa gumba, pale penye mfupa, juu ya freti (vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) za mwisho. Mkono uzunguke kwenye kifundo cha mkono, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni. Gumba liguse na kutoka papo hapo. Likikawia, sauti inakufa. Nguvu nyingi hazihitajiki kabisa.

Kazi kubwa iko mkono wa kushoto, na wanafunzi wengi huupuuza. Ukigonga uzi mmoja, nyingine huvuma zenyewe. Laza vidole juu ya hizo nyingine ili zinyamaze. Kisha jifunze noti mfu: gusa uzi bila kuubana kwenye freti, ugonge, utoe mlio mkavu usio na sauti ya noti. Bila hizo, slapu haina mwendo.

Sasa washa metronomu, programu ya kuhesabu mapigo, kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika. Bana uzi wa E freti ya 3, hesabu mapigo moja hadi nne, gonga kwa gumba kwenye moja na tatu. Kwenye mbili na nne, fyatua uzi wa D freti ya 5, ambayo ni oktava yake, yaani noti ile ile kwa sauti ya juu zaidi. Ikitulia, jaza noti mfu katikati ya mapigo. Ongeza kasi kwa 5 tu kila mara. Kifundo kikiuma, acha, upumzike.

Ukifika 90 bila nyuzi kuvuma ovyo, zima metronomu, weka rekodi ya dramu tupu, upige nayo noti hizo hizo mbili mpaka gumba na dramu ya mguu visikike pamoja.