Kompyuta ya kuchorea ramani: ushauri kwa wanaoanza kazi

Vijana wengi wanaomaliza masomo ya usanifu majengo, uhandisi au upimaji ardhi huniuliza wanunue kompyuta gani ya kuchorea, nami huwarudishia swali: siku nyingi za juma utakuwa unafanya kazi ipi hasa? Anayechora ramani za vipimo viwili katika AutoCAD, anayejenga modeli ya jengo zima katika Revit, na anayerenda (yaani kutengeneza kutokana na modeli) picha za kumwonyesha mteja jengo ambalo bado halijajengwa, wanahitaji mashine tatu zisizofanana hata kama wanakaa ofisi moja. Fedha nyingi hupotea kwa sababu muuzaji ametaja gigabaiti na majina makubwa kabla mnunuzi hajajua anachokitafuta.

Jambo ninalotaka mlielewe kuliko mengine yote linahusu prosesa, chipu inayofanya mahesabu ya kompyuta. AutoCAD ilianza kuuzwa mwaka 1982, na mpaka leo sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na kiini kimoja tu cha prosesa (kimoja kati ya vitengo vinavyoweza kufanya kazi sambamba ndani yake), kwa kuwa amri moja husubiri matokeo ya amri iliyotangulia. SolidWorks nayo, programu ya kuchora vifaa vya mitambo, inapojenga upya kifaa ulichobadilisha kipimo chake, hufuata hatua zake kwa mpangilio, na hatua ya kumi haiwezi kuanza kabla ya ya tisa kukamilika. Kwa hiyo kinachokupa wepesi ni kasi ya kiini kimoja, wala si wingi wa viini.

Madukani Dar es Salaam na Nairobi kuna kompyuta za mtumba za ofisi kubwa, kama vile HP Z440 na Dell Precision T5810, na mara nyingi ile yenye viini vingi ndiyo husifiwa zaidi. Linganisha prosesa mbili zinazoingia katika mashine hizo. Xeon E5-2683 v4 ina viini 16 vyenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.1, ilhali Xeon E5-1620 v4 ina viini vinne tu lakini kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.5. Kwa mchoraji wa AutoCAD, ya pili ndiyo bora, na kwa kawaida huuzwa bei ndogo. Ukitaka kuthibitisha, fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyotumika, wakati mchoro mzito umekwama: katika prosesa ya viini 16, ambayo Windows huiona kama mikondo 32 ya kazi (miwili kwa kila kiini), kazi inayokula mkondo mmoja wote huonekana kama asilimia tatu hivi. Mtu hudhani kompyuta imepumzika, kumbe kiini kinachofanya kazi kimefika mwisho wa uwezo wake.

Kurenda ni habari nyingine. Programu za kurenda kama Corona, na V-Ray inapotumia prosesa, hugawa picha vipande vipande na kuvipa viini vyote kazi kwa wakati mmoja, na hapo wingi wa viini unalipa. Nyingine, kama Lumion, Enscape na Twinmotion, hutegemea kadi ya picha na kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi hiyo, kwa hiyo anayezitumia aweke fedha zake huko.

Kuhusu RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, sina maneno mengi: gigabaiti 16 zinamtosha anayeanza, na 32 ni kiwango cha kustarehe kwa anayefungua modeli za Revit zilizounganishwa. Ila mashine za Xeon nilizozitaja zina njia nne za kumbukumbu zinazofanya kazi kwa pamoja, kila moja ikihitaji kipande chake, hivyo vipande vinne vya gigabaiti nane ni bora kuliko kipande kimoja cha 32.

Kadi ya picha huwapa wengi hofu isiyo na sababu. Kwa michoro ya AutoCAD, kadi ya kawaida ya GeForce inatosha kabisa. Anayetumia SolidWorks ndiye anayepaswa kutazama orodha ya kadi na draiva (programu zinazoziendesha) zilizoidhinishwa kabla ya kununua. Kadi ya RTX A2000 hula wati 70 tu na haihitaji waya wa ziada wa umeme, sifa kubwa ndani ya mashine za mtumba ambazo pawasapulai zake mara nyingi ni za kampuni husika na hazibadilishwi kwa urahisi.

Wapimaji na wahandisi wa barabara wanisikilize hapa, kwa sababu kuna ugonjwa ambao hautibiwi kwa kununua kompyuta mpya. Mchoro wa eneo la Dar es Salaam ulio katika UTM (mfumo wa kuratibu za ramani unaopimwa kwa mita) kanda ya 37 kusini una namba za kaskazini zinazozidi milioni 9.2. AutoCAD yenyewe huhifadhi namba hizo kwa usahihi mkubwa, lakini namba ambazo kadi ya picha huzitumia kwa kawaida kuonyesha zina tarakimu saba hivi, na katika ukubwa huo hatua ndogo kabisa kati ya namba na namba inakuwa mita moja. Mkiona mistari inatetemeka au hachi (mistari ya kujazia maeneo) zinavurugika, chunguzeni kwanza umbali wa mchoro kutoka sifuri. Katika Revit, jengeni karibu na chanzo cha ndani (sifuri ya modeli yenyewe), kisha muweke kuratibu za upimaji kwa njia ya kuratibu shirikishi (Shared Coordinates).

Kabla ya kulipia mashine ya mtumba, kumbukeni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba prosesa za Xeon E5 v3 na v4 hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa atakayehitaji matoleo mapya ya programu kwa miaka kadhaa, prosesa ya Core i5 au i7 ya kizazi cha nane au baada yake ni chaguo salama zaidi, hata kama kasha lake halivutii. Nendeni dukani na faili lenu zito ndani ya flashi, mlifungue, mlizungushe na kulihifadhi kwa nusu saa nzima huku mkisikiliza feni na kutazama joto. Bakizeni pia fedha za UPS, kifaa kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, na mnapoichagua msome wati zake, kwa maana namba kubwa ya VA (volti-ampia) iliyoandikwa kwenye boksi huwa juu kuliko mzigo ambao kifaa kinaweza kuubeba umeme unapokatika.